Niwie Radhi kwa Kushoto

Assalaamu alaykum, ndugu zangu! Alhamdulillahi, Mola katufikisha alasiri hii tukiwa wazima. Imamu kaniomba nisimame niseme neno. Neno langu fupi: mie mnayeniona nimetulia hivi nilikuwa mtu wa hasira, na Mwenyezi Mungu alinitoa humo kwa kunitegua mkono.

Miaka ile, kabla ya uhuru, nilikuwa nafundisha mbio katika chuo cha ualimu huku Wete. Kufundisha gani, ndugu zangu! Msimu wa karafuu ukiingia, watu wananitandikia majamvi pale pale pa kukimbilia, waanike. Nikipiga filimbi naambiwa, taratibu kabisa, nizungukie upande wa pili. Nyumbani mke wangu akiniona narudi na filimbi bado shingoni, anaficha vikombe.

Kila mwaka tulikuwa tunashindana na wenzetu wa Unguja, na kila mwaka wanatushinda kwenye mbio za kupokezana kijiti. Mwishowe mkuu wa chuo akanambia kwamba tukishindwa tena vibaya, mbio basi, kiwanja kitalimwa muhogo. Muhogo! Jasho langu lote lile.

Na vijana wangu walikuwa na mbio, wallahi. Taabu ilikuwa mkono. Kijiti hutolewa kwa kulia na hupokelewa kwa kushoto, ndipo mwendo usikatike. Sasa nani atamwambia Mpemba apokee kitu kwa mkono wa kushoto, mkono wa chooni? Na kibaya zaidi, Kombo, mkimbiaji wangu wa pili, ndiye aliyemsomesha Kurani Faki, mkimbiaji wangu wa tatu, tangu Faki mdogo. Basi Kombo anakuja anapepea, Faki anasimama, anageuka, anakunja goti na kupokea kijiti kwa mikono miwili, kama anayepokea msahafu. Nikapiga kelele mwaka mzima. Nikaeleza, nikachora ubaoni, nikabembeleza. Faki anaitikia, "Nimefahamu, Mwalimu," kisha anakunja goti.

Siku moja, zimebaki wiki tatu tu, akakunja tena. Ndugu zangu, sikujijua. Nilimnyang'anya kile kijiti, nikamtupia miguuni, kwa kushoto, mbele ya wenzake. Nikamwambia arudi kwao Wambaa akavue dagaa, miguu anayo, akili hana. Faki aliinama, akakiokota kwa mikono miwili, akakiweka juu ya benchi na kuondoka. Asubuhi kitanda chake kitupu. Wenzake nao wakagoma kukimbia. Kombo, mtu mpole yule, akanijia na kunambia, "Mwalimu, kijiti si kitu. Umemtupia kwa kushoto."

Nikaona hawa watu watanitia wazimu! Lakini bila Faki sina timu, na bila timu kuna muhogo. Nikachukua baskeli, nikafunga kijiti nyuma, nikashika njia ya Wambaa. Msidhani nilikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda kumchukua mkimbiaji wangu. Nimefika Ole, mnyororo ukachomoka, nikaanguka juu ya mkono wa kulia. Ukafura kama andazi. Njia yote iliyobaki nikaenda nalaani baskeli, barabara, na Faki.

Nimefika kwao jua kali, koo limekauka. Mama yake, Bi Mize, akanikaribisha barazani kama mgeni wa heri, hakuuliza kitu. Akaniletea kata ya maji, akanipa kwa mkono wa kulia. Mie wa kulia haunyanyuki. Faki kakaa mlangoni, ananitazama. Nami niunyooshe ule ule wa kushoto niliomtupia mtoto wao, katika nyumba yao? Nikaona haya ambayo sijapata kuiona. Bi Mize kashika kata, anangoja.

Nikasema, "Bi Mize, niwie radhi, ni kushoto."

"Nimekuwia. Kunywa. Kushoto kukishaombewa radhi ni mkono kama mwengine." Nikanywa. Kisha akaniuliza, polepole tu, "Na kushoto kule kwa juzi, Mwalimu, umekuombea radhi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipovunjika, na si mkono. Nililia kwenye baraza ya watu. Nikamgeukia Faki, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Faki akauliza kama kijiti nimekuja nacho. Nikampa, kwa kushoto, na radhi yake. Akakipokea kwa mkono mmoja.

Siku ya mashindano, kabla hawajaingia kiwanjani, vijana wangu wanne walisimama wakaombana radhi kwa mkono wa kushoto, mmoja mmoja, Faki na Kombo mwisho. Waunguja wakacheka, ati Wapemba wanasoma uganga. Waacheni wacheke! Kijiti kilipita kama maji. Tulishika nafasi ya pili, tumepitwa kwa kifua tu. Nikaitafuta hasira yangu, sikuiona. Na muhogo haukulimwa mwaka ule.

Kisha Faki akaja kunirudishia kijiti. Akasimama, akakunja goti, akanipa kwa mikono miwili. Mie niliyempigia kelele mwaka mzima kwa goti lile, nikapokea kwa mikono miwili, na goti langu nikalikunja chini kuliko lake.

Alhamdulillahi! Ndugu zangu, kama yuko uliyemtupia kitu, au neno, mtegemee Mola na uinuke leo uende kwake. Usingoje mpaka uangushwe Ole.