Sella Nabalayo na Haidromita ya Kawangware

Tarehe 30 Juni 1986, Bi. Sella Nabalayo anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika kituo chetu cha maziwa, Kawangware. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya kazi naye kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Alikuja mwaka 1964 kuosha mitungi, akitembea kwa miguu kutoka Sarang'ombe, Kibera, na bado akifika mapema kuliko sisi tuliolala jirani. Mimi, Urbanus Muia, nilikuwa tayari mpimaji, na cheti ninacho. Yeye alijifunza haidromita kwa kunitazama tu, jambo linalonikera mpaka leo. Kwa ndugu wa ofisini wasiowahi kuigusa, ni kile kioo chembamba kinachoelea ndani ya maziwa. Yakiwa yametiwa maji, kinazama zaidi.

Kufikia 1970 tulikuwa cheo kimoja. Kila Jumatatu, kabla ya kupokea maziwa, Sella alimimina maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi yoyote, kwenye gilasi ndefu, akahakikisha yako nyuzi sitini za Farenhaiti, akaipangusa haidromita, akaizungusha kidogo kutoa mapovu, kisha akainama mpaka jicho likawa sawa na uso wa maji. Ilipaswa kusoma sifuri. Wakulima walisubiri kwenye foleni, nami nilimcheka kwamba anapima maji badala ya maziwa.

Mwaka 1971 alienda likizo kwao Bungoma, nikaachiwa kazi. Nafasi ya mpimaji mkuu ilikuwa wazi, na meneja alishaniambia ni yangu. Niliosha haidromita kwa maji ya moto ili ing'ae. Kwa siku tatu mfululizo nikakataa maziwa ya Mama Waruguru, mkulima wetu wa siku nyingi, nikisema ameyatia maji. Ng'ombe wake walitoa maziwa mepesi tangu zamani, yakipita kwa alama moja tu. Majirani wakaanza kumwita mwizi.

Sella aliporudi hakunibishia. Aliitia haidromita kwenye maji ya betri, na alama ya sifuri ikazama. Karatasi ya alama iliyo ndani ya kioo ilikuwa imeteleza chini, gundi yake imelegezwa na yale maji yangu ya moto, ndiyo maana maziwa mepesi yalionekana yametiwa maji. Jioni hiyo tulienda wote wawili kwa Mama Waruguru, nikaomba msamaha mbele ya majirani zake. Mwezi uliofuata Sella akawa mpimaji mkuu.

Nimemwonea wivu miaka kumi na mitano. Alipoenda kunywa chai nilirudia vipimo vyake kwa siri nikitafuta kosa, na sijapata hata moja. Amefundisha wapimaji tisa, na kwenye sherehe zetu hakuna anayemfikia kwa kucheza kamabeka, ile ngoma ya mabega ya kwao Bungoma. Hata hilo nimejaribu.

Sasa nafasi ni yangu. Juzi Mama Waruguru alikuja kumuaga, akauliza nani atapima maziwa kuanzia Julai. Nikamwambia ni mimi. Alinipa mkono vizuri kabisa, halafu akamgeukia Sella, akamuuliza kama hawezi kukaa mpaka Krismasi.

Sella, kituo kizima kinakushukuru. Upumzike, ule vizuri, uwaone wajukuu wakikua. Na ile imani waliyo nayo wakulima kwako, ungeniachia hata nusu, ningeshukuru.