Mama Wima, Aliyeingoja Sauti ya Mumewe

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi walimwita Mama Wima, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi viatu na mshonaji. Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea utabibu wa meno miaka mitatu.

Januari 1980 alianza kazi hospitali ya wilaya, chumba cha mwisho baada ya famasi. Mwaka 1984 alimlaza chali mgonjwa wa kiharusi kama alivyowalaza wengine. Maji yakaingia njia ya hewa, nusura mtu amfie mikononi. Hakujisamehe upesi. Tangu hapo, wagonjwa wa kiharusi aliwapima presha kwanza, akawatibu wameketi wima, kwa maji kidogo, mrija wa kunyonya mate ukiwa upande uliopooza. Jina likamganda.

Seremala mmoja alikuja akijisifu kwamba ameacha vidonge vyake vya kuzuia damu kuganda, ili jino ling'olewe bila kero. Marehemu akaweka koleo chini.

"Baba, fizi ikitoka damu nitaibana kwa pamba. Damu ikiganda kichwani, nitaibana na nini?"

Akampeleka mwenyewe kwa daktari aliyempa vidonge. Jino likangoja.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na fundi saa, mtu wa maneno mengi na vichekesho. Juni 2014 kiharusi kilimpata mumewe, kikaondoka na sauti. Kila asubuhi marehemu alimketisha, akampiga mswaki, akafuta kwa kitambaa mabaki ya chakula ndani ya shavu lililolegea, kisha akamsalimu na kungoja. Hakujibiwa hata mara moja. Binti yake akamsihi asijichoshe.

"Mwanangu," alisema, "maneno yakirudi yasikute nyumba chafu."

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alipolemewa, alimwachia binti mswaki, naye mwenyewe akawa anasikiliza kutoka kitandani, chumba cha pili, kama salamu itajibiwa. Alituaga Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, saa moja asubuhi, mumewe akiwa anapigwa mswaki.

Ameacha mume, ambaye tangu Jumanne hufungua kinywa macho yakiwa mlangoni. Ameacha pia binti, mwana, wajukuu watano na dada mmoja.

Bwana ampumzishe mtumishi wake, na siku atakapokutana tena na mumewe, amjalie kusikia salamu yake ikijibiwa.