Mwamba Ulio Chini ya Ofisi ya Meneja

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyekuja machimboni na viatu vyeupe na bado ukathubutu kushuka garini. Ndugu Meneja, mwenyeji wetu. Ndugu wageni waalikwa mliokaa kivulini, na ninyi wapasua mawe wenzangu mliosimama juani kama kawaida yenu: salamu ziwafikie nyote, kila mtu azipokee kwa cheo chake.

Nimesifiwa sana leo. Meneja amesema mimi, fundi wa baruti mnayeniita Radi, ni nguzo ya machimbo haya, mnyenyekevu, msikivu. Msikivu? Baruti ililimaliza sikio langu la kushoto zamani, na huko ndiko ninakomweka Meneja kila anapotoa maagizo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo mnivumilie.

Nimeombwa niseme historia. Historia yetu ni fupi: hapa palikuwa na mlima, tukaula. Babu zetu waliwasha moto juu ya mwamba mpaka ukaiva, wakaumwagia maji baridi, ukapasuka wenyewe, nao wakamalizia kwa nyundo na mtaimbo. Baba zetu wakaletewa baruti. Sisi tukaletewa mtambo wa kusaga kokoto, unaokohoa vumbi kutwa nzima, na sisi tunaitikia. Mlima uko wapi leo? Uko mjini. Ni benki, ni mahakama, ni ukuta wa jela. Shemeji yangu alipofungwa kwa ugomvi wa kilabuni, alilitambua ukutani jiwe alilolichonga mwenyewe, akawatambia wafungwa wenzake. Na sisi tuliotoa mawe yote hayo tunalala kwenye nyumba za udongo. Si wivu huo, ni taarifa tu.

Sasa, kila meneja aliyepita hapa alitoa agizo moja: chimbeni popote, ila chini ya ofisi msiguse. Tukatii. Tukachimba mbele yake, nyuma yake, ubavuni kwake, mpaka ofisi ikabaki juu ya kisiki cha mwamba, peke yake. Ile pale, Mheshimiwa, geuza shingo uione. Meneja huipanda kwa ngazi huku akijishikilia ukutani, na siku za mvua chai yake hupandishwa kwa ndoo na kamba.

Na leo tunaambiwa mawe yamekwisha, yaliyobaki yako chini ya mtaa wetu. Kwa hiyo mustakabali wa machimbo ni kubomoa nyumba zetu, na mlipuko wa kwanza niufyatue mimi, eti ndiyo heshima yangu ya kustaafu. Mawe yamekwisha? Ofisi ile imesimama juu ya nini, godoro? Niliuliza hivyo kikaoni, nikajibiwa kwamba kuhamisha ofisi ni usumbufu. Ofisi ya meza mbili na feni mbovu. Nilikasirika, ndugu zangu, na mpaka sasa nimekasirika.

Lakini kazi ni kazi. Kanuni yetu ni kwamba kabla ya kulipua, fundi wa baruti huzunguka mwenyewe na kubisha kila mlango, na akimkuta mtu mmoja tu, kitufe hakibonyezwi, hata aamuru nani. Asubuhi nimezunguka. Watu wote wametoka, maana wameahidiwa soda. Amebaki mmoja. Mama mkwe wangu amekaa mlangoni kwake anachambua maharage.

“Shikamoo, mama. Tunaomba utoke kidogo, tunataka kulipua.”

“Marahaba, mwanangu. Nyumba itabaki?”

“Haitabaki, mama.”

“Na ile ofisi yenu?”

“Ile itabaki.”

“Kwa nini?”

“Kuna watu wanafanya kazi mle, mama.”

“Basi kawaambie na mimi niko ofisini.”

Mnataka nifanye nini? Mama wa mke wangu nimnyanyue na kiti chake? Mwanamume anayeliweza hilo ajitokeze hapa mbele. Naona Meneja ameinama, anafunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Mheshimiwa, kitufe ndicho hiki, nakiacha mezani. Fundi mpya ni binti niliyemfundisha kazi kwa mkono wangu. Amesimama pale na bendera nyekundu ya kuzuia mlipuko, na haishushi, kwa sababu kanuni anaijua. Mimi tangu sasa ni mstaafu, na mstaafu hapangiwi pa kukaa. Nitakaa mlangoni kwa mama mkwe, leo, kesho na siku zote, mpaka ofisi ile ishuke. Mke wangu ameshatangulia na mkeka. Wapasua mawe wenzangu, kila mmoja wenu ana mlango wake. Soda mtakunywa hata huko.

Nawashukuru kwa kuja, na asanteni kwa kunisikiliza. Sasa mnipishe, nipite.