Kifurushi Kilichoazima Chumvi kwa Jirani

Mheshimiwa Mkurugenzi, Mama Mhasibu mwenye amri juu ya kiyoyozi chetu, waheshimiwa wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mliojibanza nyuma karibu na soda: itifaki imezingatiwa, kwa kadiri ya kumbukumbu yangu.

Kwanza mjue kwamba kile kifurushi kinachosifiwa tangu asubuhi nilikitengeneza mimi. Haya, msinikodolee macho. Nilibonyeza kitufe tu. Aliyekitengeneza ni huyu binti tunayemuaga. Mimi mtunza funguo, niliyeachana na shule kabla haijanizoea, nimepewa nafasi hii kwa sababu wasomi wote wanaogopa kulia mbele za watu.

Wageni wetu, ofisi hii ina programu inayounda programu nyingine. Vijana wanaandika vipande vyao, yenyewe inavikusanya na kutoa kitu kizima. Lakini ilikuwa na tabia ya paka: ilikubali kulala mapajani pa mtu mmoja tu, yaani kwenye kompyuta ya binti huyu. Ukiisakinisha kwingine, inanuna. Ukimwita, anasema, "Kwangu inafanya kazi." Sawa, kwa hiyo sote tuhamie kwako?

Ndiyo maana kila alipoomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mama yake, aliambiwa asubiri. Nani angeisakinisha akiwa hayupo? Mwishowe Mkurugenzi akatoa sharti: "Ifunge yote kwenye kifurushi kimoja. Siku mtu asiyejua lolote atakapoisakinisha bila wewe, nenda." Basi akatafutwa mtu asiyejua lolote. Jamani, walinipata kwa kasi iliyoniudhi.

Nikakalishwa kwenye kompyuta ya Mama Mhasibu. Nikabonyeza. Ikakataa.

"Babu, umebonyeza nini?"

"Ulichoniambia, mjukuu wangu."

"Mbona kwangu..."

"Kwako, kwako. Kwako hata mlango haulii."

Akachungulia, akanywea. Kumbe kifurushi kilikuwa kikiazima kimyakimya programu nyingine ndogo, iliyokaa kwenye kompyuta yake miaka na miaka hadi akasahau kuwa ipo. Mpishi anajisifia mchuzi, chumvi ya jirani.

Akaanza upya. Kila kinachohitajika akakitia ndani, na kila toleo akalitaja waziwazi, lisije likaingia jipya la leo asubuhi likatuvuruga. Bado alipounda kifurushi mara mbili, viwili hivyo havikufanana. Akahangaika wiki nzima, kumbe kila kimoja kilikuwa kinajipiga muhuri wa saa ya kuzaliwa kwake. Akaufuta. "Programu haihitaji keki, Babu," akaniambia.

Siku ya jaribio la pili wakachomoa waya wa mtandao, kifurushi kisipate pa kuazima tena, wakasimama nyuma yangu kama watu wanaosubiri daktari. Niwaambie ukweli? Kidole kilisita. Nilijua nikikosea kidogo tu, atabaki. Na humu ndani nani mwingine huniuliza kama nimekula? Lakini mama wa mtu yuko kitandani. Nikabonyeza palepale pa kubonyezwa, ikaingia. Tukaenda kompyuta ya pili, ikaingia. Wakazilinganisha programu hizo mbili, zikafanana herufi kwa herufi. Binti hakuruka wala hakulia. Aliuliza tu, "Mkurugenzi, naweza kwenda?"

Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tunaoficha ujuzi kidogo mfukoni ili tusikosekane? Huyu alijitesa ili tuweze kuishi bila yeye. Programu yake imeweza. Sisi wengine bado tunajaribu.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na mliosinzia nawashukuru kwa kutokoroma. Nawe mjukuu wangu, mpe mama pole zetu, ila usitoke bado. Uliniahidi ujira wa kubonyeza: kuzikuza herufi kwenye simu yangu. Hii hapa, njoo uzikuze sasa. Ujumbe wako ukifika, sitaki karani anisomee.