Tulivyomtuma Esigani kwa Waajiri wa Mokeira

Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi juu ya magogo mawili, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza redio na simu hapa Ogembo, ukishuka kidogo kutoka stendi ya bodaboda. Nililipigilia misumari mwenyewe ili wateja wakae wakisubiri. Hakuna mteja aliyewahi kupata nafasi. Anakaa Nyangau, tunayemwita Wakili kwa sababu ana kesi ya mpaka wa migomba miwili, mwaka wa kumi na moja sasa, na makarani wote wa korti anawajua kwa majina ya watoto wao. Anakaa Ogoti, tunayemwita Setilaiti. Ana pikipiki, lakini mabishano yakinoga humwambia abiria atembee, si mbali. Anakaa Obadiah, Maji Moto, Msabato halisi: ana ekari mbili za majani chai na hajawahi kuionja chai yenyewe. Kahawa pia haigusi. Mwenye birika akipita, Obadiah hununua kikombe cha maji ya tangawizi kisha anabishana kuliko sisi tuliokunywa kahawa. Mimi ni Makori. Wananiita Pilipili. Ufundi sikusomea popote. Nikiwa darasa la sita nilifungua redio ya baba, nikachapwa, nikaifunga, ikaimba. Redio ikifa nakuambia imekufa. Mtu wa kuzungukazunguka simpendi.

Alhamisi hiyo saa nne akaja Mokeira, amekumbatia laptopu kama mtoto mgonjwa. Mama yake, Gladys, aliteleza kwenye shamba la chai mwezi wa pili akavunjika mguu, na mpaka leo hawezi kwenda choo bila kushikwa. Mokeira aliomba ruhusa kazini Nairobi aje kumtunza. Ruhusa imeisha. Jumatatu awe ofisini, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Mokeira: Bwakire buya, wazee. Fundi, nichajie hii. Kwetu stima ilipotea jana.

Mimi: Weka hapo. Mama anaendeleaje?

Mokeira: Ulimi umepona kabisa. Mguu ndio bado.

Ogoti: Basi na mguu utapona. Sasa Jumapili unapanda basi?

Mokeira: Hiyo ndiyo inaniumiza kichwa. Nikienda, nani atamgeuza kitandani? Nimetafuta kazi ya kufanyia nyumbani, kwa mtandao. Nimepata mbili, na zote mwisho ni leo saa sita mchana.

Obadiah: Mbili! Na vijana wote hawa hawana hata moja.

Mokeira: Ya kwanza ni kampuni kubwa. Elfu arobaini na tano kwa wiki. Lakini nilipe kwanza elfu moja mia tano, ada ya kufungua faili. Ya pili ni ndogo tu. Nasikiliza watu wakiongea Ekegusii, naandika wanachosema. Kwanza nifanye jaribio.

Mimi: Unayo hiyo elfu moja mia tano?

Mokeira: Ninayo. Ndiyo nauli yangu ya Jumapili. Nikilipa kisha kazi iwe ya uongo, nimekosa Nairobi na nimekosa nyumbani.

Hapo Nyangau akaweka kikombe chini. Nyangau akiweka kikombe chini ujue kesi imetajwa.

Nyangau: Kazi ni ndoa. Unaamka nayo, unalala nayo, ikikukosea unarudi kwa mama yako ukilia. Sasa tangu lini binti wa huku akaolewa bila esigani?

Esigani ndiye mshenga wetu. Zamani hakuna posa iliyokubaliwa kabla yeye hajatumwa kuchunguza boma la upande wa pili: ni wezi hao? Ni wachawi? Wanalima au wanakaa tu?

Ogoti: Esigani kwa simu?

Nyangau: Kwani simu haina masikio? Lete namba, binti yangu. Anza na yule tajiri.

Akapiga, nami nikafungua sauti tusikie wote.

Nyangau: Halo. Mimi ni esigani wa Mokeira.

Meneja: Esi nini?

Nyangau: Mshenga wake. Wewe ni mtoto wa nani?

Meneja: Mzee, hii ni ofisi ya kimataifa.

Nyangau: Sawa, lakini ya kimataifa ya wapi? Boma lenu liko upande gani?

Meneja: Tuko Nairobi, ghorofa ya tisa.

Obadiah: Muulize kama wanafanya kazi siku ya Sabato.

Meneja: Tunafanya saa ishirini na nne! Na zimebaki nafasi mbili tu. Ikifika saa sita mtambo unajifunga wenyewe. Atume ada tufungue faili.

Mimi: Faili gani hiyo inafunguliwa kwa pesa? Mimi redio nafungua kwa bisibisi!

Meneja: Ni nani huyo anapiga kelele? Msinipotezee wakati!

Akakata. Mimi damu ilishapanda, lakini wenzangu walikuwa wakitazamana kama watu waliosikia mahubiri mazuri.

Ogoti: Mmesikia huo ukali? Huyo ana kazi. Mtu asiye na kazi hana haraka.

Obadiah: Na ghorofa ya tisa. Hata mwizi hawezi kupanda huko kila siku.

Mokeira: Lakini hiyo ada, Wakili?

Nyangau: Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sasa nenda bafu ya stendi. Si unalipa kwanza ndipo uvue nguo?

Mimi: Wahenga hawakuwa na bafu ya stendi!

Nyangau: Ndiyo maana hawakuajiriwa. Haya, piga huyo wa pili.

Wa pili alishika simu kabla haijalia mara mbili. Alikuwa mwanamke, na sauti yake ilikuwa imetulia.

Nyangau: Mimi ni esigani wa Mokeira. Wewe ni mtoto wa nani?

Akacheka, akajibu kwa Ekegusii chetu hiki hiki, halafu akaendelea kwa Kiswahili.

Emily: Naitwa Emily, binti ya Anyona, kule Itumbe. Baba hupeleka majani kituo kilicho chini ya kanisa la Katoliki.

Nyangau: Anyona mrefu au mfupi?

Emily: Mfupi.

Nyangau: Mwenye ng'ombe mmoja mwenye pembe moja?

Emily: Huyo huyo. Kazi yetu ni kukusanya sauti za wazee wakiongea. Mokeira atasikiliza na kuandika, tutamlipa kwa kila dakika aliyoandika sawasawa. Si pesa nyingi, nisimdanganye. Jaribio ni dakika tano za sauti. Akinitumia kabla ya saa sita nitalikagua mwenyewe.

Obadiah: Na Sabato?

Emily: Mimi pia ni Msabato, baba. Ijumaa jua likitua nafunga kompyuta.

Simu ikakatwa kwa heshima. Nikadhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Obadiah: Amejibu haraka mno. Huyo alijiandaa.

Nyangau: Anyona mfupi namjua. Alitoa ushahidi dhidi yangu mwaka wa nne wa kesi. Sasa mtu wa Itumbe atatoa wapi kazi ya mtandao? Itumbe kuna majani na matope.

Obadiah: Kikulacho ki nguoni mwako. Itumbe ni nguoni kabisa, hata si koti.

Ogoti: Halafu, jamani, Ekegusii? Nani ananunua Ekegusii? Mimi nakiongea bure tangu asubuhi, sijaona mtu akinifuata na mkoba.

Mokeira: Wanasema ni ya kufundisha mashine.

Alikosea kulitaja hilo neno. Ogoti alisimama.

Ogoti: Nilijua! Ni setilaiti! Wakiifundisha Ekegusii, itatusikia kutoka juu. Sisi tukikaa hapa tukilalamikia bei ya majani, yenyewe inaandika majina. Kesho mvua inanyesha kwa jirani, kwako hapana.

Nyangau: Setilaiti haina haja na wewe. Wanatafuta ushahidi. Mzee anaongea vizuri, anasema zamani mpaka ulikuwa kwenye mti fulani. Mokeira anaandika. Mwakani karatasi ile iko korti, na mimi nimepoteza migomba miwili.

Obadiah: Nyinyi mnaangalia chini. Ni siku za mwisho. Lugha zote lazima zikusanywe kwanza. Kiingereza wameshakusanya, Kiswahili wameshakusanya. Imebaki yetu. Mokeira akimaliza kuandika tu, tarumbeta.

Mokeira: Yaani mwisho wa dunia unanisubiri mimi?

Obadiah: Mtu lazima awe wa mwisho.

Nikapiga meza kwa bisibisi, nikawaambia wote ni wajinga. Lakini nimesema sipendi kuzungukazunguka, basi na hili niliseme: hata mimi moyoni nilikuwa nimeegemea ghorofa ya tisa. Mtu wa mbali, mwenye ukali, mwenye mtambo unaojifunga wenyewe. Huyu Emily alikuwa wa karibu mno, ungeweza kumfikia kwa miguu. Saa tano ilikuwa imeshapita. Mokeira ametoa simu, ameingiza namba ya meneja, kidole kiko juu ya kitufe. Akanitazama.

Mokeira: Fundi, wewe hudanganyi watu. Nitume?

Na mimi, Makori, nikamwambia:

Mimi: Tuma. Bora mambo yaishe.

Kidole kilikuwa kinashuka mtu alipopiga hodi kwenye nguzo ya kibanda. Ni Loice, mama mzee wa kutoka njia ya Nyaramba, aliyekuja kukaa kwa mwanawe hapa sokoni. Hatukuwa tumewahi kumwona; jina alitutajia mwenyewe. Redio yake ilikuwa imefungwa kwenye leso.

Loice: Hamjambo hapa. Mbona huyu mtoto ameshika simu kama kaa la moto?

Ogoti: Anaajiriwa, mama.

Loice: Kuajiriwa kunaunguza?

Mokeira akamweleza yote, yule wa ghorofani na yule wa Itumbe. Loice akasikiliza huku akifungua leso, akaniwekea redio mbele yangu.

Loice: Mimi nilisoma darasa la pili tu, msinicheke. Fundi, hii redio haishiki stesheni. Sasa nikikuachia, ni wewe utanilipa ndipo nikukubalie kuitengeneza?

Nikashika bisibisi. Nikairudisha mezani.

Loice: Nauliza tu. Mimi huku ni mgeni. Labda Ogembo ndivyo mnavyofanya.

Nyangau alitazama ndani ya kikombe chake. Ogoti alikagua tairi la pikipiki ambalo halikuwa na kasoro. Obadiah akanywa maji ya moto, yakamchoma. Mwanasheria, mhandisi wa anga na nabii, wote wameshindwa na darasa la pili. Na fundi pia, anayejisifu kusema kweli.

Mokeira akafuta ile namba.

Mimi: Binti yangu, nilikuambia vibaya. Saa ngapi?

Mokeira: Tano na dakika kumi na tano.

Mimi: Kaa. Ogoti, toka kwenye benchi.

Ogoti: Mimi?

Mimi: Kwani kuna Ogoti mwingine? Tokeni wote! Na mnyamaze, mtoto asikie!

Nasema ukweli, benchi hili halijawahi kunyamaza tangu nilipopiga msumari wa kwanza. Nusu saa nzima! Abiria alikuja akimtaka Ogoti, na Ogoti, kwa kukosa la kufanya, akamkubali na kumbeba mpaka alikokuwa akienda. Mokeira alisikiliza, akarudisha nyuma, akaandika. Mzee fulani ndani ya laptopu alikuwa akieleza jinsi mama yake alivyohifadhi maziwa. Kufika mwishoni Mokeira akakwama.

Mokeira: Kuna neno hapa silijui. Kibuyu kikipasuka na kushonwa, kinaitwaje?

Akatusikilizisha. Nyangau akatikisa kichwa. Obadiah akatikisa kichwa. Hata mimi, niliyezaliwa kilomita tatu kutoka hapa, nilisikia tu kama mtu anakohoa. Loice akacheka.

Loice: Hilo? Hilo nilitukanwa nalo na mama mkwe wangu miaka arobaini. Andika.

Akalitaja polepole, Mokeira akaandika. Mimi siliandiki hapa nisije nikalikosea. Saa sita kasoro dakika tisa jaribio likaondoka. Tukakaa. Mwenye birika akapita, akasema kahawa imeisha. Ogoti akarudi, akakuta tumekodolea laptopu macho kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe.

Laptopu ikalia. Mokeira akasoma kwa sauti.

Mokeira: "Imefika. Kazi safi. Lile neno la kibuyu wanne kabla yako walilikosa, wewe umelijuaje? Anza Jumatatu. Na tafadhali usimlipe mtu chochote."

Akamkumbatia Loice mpaka leso ikaanguka.

Mokeira: Namkimbilia mama. Atanitukana kwanza kwa kuchelewa, ndipo nimwambie.

Nyangau: Esigani hupewa jogoo, usisahau!

Mokeira: Atapewa mama Loice!

Akaenda mbio, chaja akaiacha. Loice akaketi pale kwenye benchi, mteja wa kwanza wa redio kupata nafasi. Akatutazama mmoja mmoja: Nyangau, Obadiah, Ogoti na pikipiki yake iliyopoa. Halafu akaitazama redio yake, pale pale alipoiweka, hata skrubu moja sijailegeza.

Loice: Basi huyo atafanyia kazi nyumbani. Na nyinyi, huwa mnafanyia wapi?