Puseletso Malimakatso Moshabesha na Maua ya Uani Kwake, 1951–2024

Ndugu waombolezaji, familia imemtuma Limakatso, kifungua mimba wa marehemu, asome historia hii, naye ameiandika jana kati ya sufuria na wageni, kwa hiyo mtamvumilia.

Marehemu Puseletso alizaliwa tarehe 3 Septemba 1951 huko Ha Ramokhele, wilaya ya Thaba-Tseka, mtoto wa nne wa mzee Lekhooa, katika nyumba iliyokuwa juu ya chemchemi iliyozungukwa na mayungiyungi meupe, na hapo ndipo alipoteka maji kila asubuhi kabla ya kwenda shule ya misheni, alikosoma kuanzia mwaka 1959 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1965.

Tarehe 22 Mei 1971 aliolewa na Tumo Moshabesha, mchimba dhahabu wa migodi ya Welkom, ng'ambo ya mpaka, akahamia hapa Mafeteng, na ndani ya blanketi lake la arusi alifungasha mizizi ya mayungiyungi yale, hata wakwe wakacheka kwamba bibi arusi amekuja na matope ya kwao.

Walijaliwa watoto wawili. Limakatso alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1973, na wiki hiyo jirani, mama Mathabo aliyeketi hapa mbele, alileta kiazi cha dalia nyekundu, marehemu akakipanda chini ya dirisha na kukiita kwa jina la mtoto, naye mwenyewe akaanza kuitwa Malimakatso, yaani mama Limakatso. Sekake alizaliwa tarehe 2 Aprili 1977, na baba yake alirudi likizo na mche wa waridi la njano uliofungwa gazetini. Mzee Tumo alipofariki tarehe 9 Julai 1994, marehemu hakulia mbele ya watu, bali alilipogoa waridi lile.

Tangu mwaka 1979 hadi 2011 alikuwa mpishi wa shule ya msingi, akiamka alfajiri, akimwagilia maua kwanza, ndipo awashe jiko.

Tarehe 20 Novemba 2021 alipatwa na kiharusi, akalazwa wiki saba. Tarehe 14 Desemba, mama akiwa bado wodini, Limakatso aliita mafundi wajenge vyumba vya kupangisha uani, kwa kuwa alikuwa na watoto watatu wa kusomesha na amechoka, na fundi alipouliza kama dalia ya dirishani ibaki, alijibu ing'olewe pamoja na maua mengine yote. Ukuta mnaouegemea sasa umesimama juu ya bustani ile. Mama aliporudi, Limakatso alimwambia maua yalipigwa na mvua ya mawe, nayo nafasi ikaonekana inafaa kujengwa.

Limakatso hajawahi kupanda ua. Hakujua kwamba mvua ya mawe huvunja majani tu, kiazi hubaki salama ardhini na msimu ukifika huchipua. Mama yake alijua, na kila jirani alijua. Siku moja, Limakatso akiwa jikoni, alimsikia mama Mathabo akiuliza, "We Malimakatso, mvua hiyo ilikuja na jembe?"

"Ilikuja nalo," mama akajibu. "Kunywa chai yako."

Hakuongeza neno, si siku ile wala miaka miwili iliyofuata, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba ni mvua. Mwezi uliopita aliomba afunikwe kwa maua ya uani kwake, kisha akajikumbusha mwenyewe, akasema yoyote yatafaa. Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 4 Machi, akaaga dunia tarehe 6 Machi 2024, saa tatu asubuhi. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wapishi wenzake waliosimama juu ya masufuria tangu Alhamisi, na majirani, kwa msaada wenu na kwa kunyamaza kwenu.

Historia ya marehemu husomwa mara moja tu, na tarehe zake hazina budi kuwa sahihi. Basi iandikwe kwamba tarehe 14 Desemba 2021, hapa Mafeteng, kulikuwa na jua tangu asubuhi hadi jioni.

Mama, usinisemee tena uongo huo. Nimeusema mwenyewe. Lala kwa amani.