Mzee Ongeza Kumi Anaweka Futi Chini

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi mkuu wa karakana yetu ya useremala anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Hiyo ni hesabu kamili. Safari hii hakuna kuongeza kumi.

Kwa wageni tueleze: jina la Mzee Ongeza Kumi lilitokana na futi yake ya chuma. Katika mwaka wake wa tano, msumeno uliikata sentimita kumi za mwanzo. Mtu mwingine angeitupa. Yeye alipalainisha kwa tupa pale ilipokatika, akairudisha mfukoni, akatangaza kwamba anayetaka kukata themanini aweke alama kwenye tisini. Stoo ikatuletea futi mpya. Akazifungia kabatini zisije zikachakaa.

Haikuwa futi peke yake. Pima maji lake kiputo kiliegemea kushoto. Akachora mstari mpya kwa rangi ya kucha ya mkewe. Skwea ya kupimia pembe iliyoanguka ikapinda aliigonga kwa nyundo, akaijaribu, akaigonga tena, asubuhi nzima, wateja wamekaa. Mwandishi wa mistari hii alitupa mara tatu rula moja iliyofutika namba. Mara tatu aliikuta mezani kwake, imepakwa mafuta, namba zimechongwa upya. Mtu unaishiwa hata maneno.

Basi niseme tu, mwandishi huyo ni mimi. Na nikiwa na miezi miwili kazini niliazima futi ile, nikakata milango minane ya zahanati, nikasahau kuongeza kumi. Yote ikatoka mifupi. Meneja akaja na barua ya kuniachisha kazi, tayari imepigwa muhuri. Mzee aliweka randa chini.

"Futi ni yangu," alisema. "Kama ni barua, andika jina langu."

Barua ikarudi ofisini. Wiki nzima Mzee akaunga ubao mpana chini ya kila mlango. Zahanati ikaona ule ubao unakinga mateke na maji ya deki, ikaagiza mingine mitano ya namna hiyo hiyo. Hakulitaja tena jambo lile hata siku moja, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana huwezi kumgombeza kwa raha mtu aliyekuokoa.

Tukadhani ametuchosha vya kutosha. Jumatatu wiki hii alichukua sentimita kumi kutoka futi nyingine iliyokufa, akaziunga kwenye ile yake kwa ribiti, akaiacha mezani bila kumwambia mtu. Sisi, kwa mazoea, tukaongeza kumi. Rafu kumi na mbili zikatoka ndefu. Nilimfuata nikiwa nimefura, naye hakuinua hata kichwa.

"Ndefu inakatwa," alisema. "Mimi sitakuwepo kuunga fupi."

Nikarudi mezani kwangu nikazikata, na macho hayakuwa yakiona vizuri mstari.

Ufunguo wa kabati ametuachia. Futi mpya bado zimo ndani ya makaratasi yake, na hakuna aliyezigusa. Asante, Mzee, kwa kazi yako na kwa kutusumbua. Tunakutakia maisha mema na marefu huko nyumbani. Yakizidi kwa miaka kumi, tafadhali usiyakate.